Mawe Matano Chini ya Siala

Asubuhi zingine ziwa letu hutoa moshi bila moto. Ni wadudu tu. Wanainuka majini maelfu kwa maelfu, wanasimama angani kama nguzo za kijivu, halafu nguzo zenyewe zinaanza kutembea polepole kuja nchi kavu, zikiyumba kama watu ambao usingizi haujawatoka. Mgeni akiziona huuliza ni kijiji gani kinachoungua. Sisi wa Kisumu hatuulizi. Tunafunga madirisha, tunafunika sufuria, tunangoja upepo ugeuke.

Siku hizi nikikaa uani na kuziona nguzo zile, kichwa changu hakijui mara moja huu ni mwaka gani. Nayaona mawe kwanza. Mawe matano chini ya mti wa siala, yameangukiwa na maua ya manjano. Halafu juu ya mawe wanatokea watoto, mmoja baada ya mwingine, wadogo kama walivyokuwa, na wote wananitazama mimi.

Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliingia, nikafika darasa la pili, ng'ombe wa baba wakahitaji mtu, nikatoka. Haya nayaandika kwa mkono wangu, polepole, na asiyependa mwandiko wangu aweke chini aende zake. Kazi yangu ilikuwa bati. Nilijifunza kwa Mhindi mmoja mwenye karakana mjini, mtu mkali aliyenigonga vidole kwa rula ya chuma kila nilipokata kombo. Sikumchukia. Siku niliyomaliza kwake alinipa mkasi wake wa zamani wa kukatia bati, mpini umelainika kwa jasho lake, akasema, "Sasa toka, kabla hujawa hodari kuliko mimi." Nikaenda upande wa Kibuye nikasimamisha banda langu mwenyewe. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilitengeneza karai, birika, ndoo, na zaidi ya yote nilitengeneza koroboi. Koroboi zangu zilifika Maseno, zilifika Muhoroni kwenye miwa. Ukikuta koroboi ya miaka ile ambayo mshono wake umekunjwa mara mbili, usiulize ya nani.

Nyumba yangu ilikuwa Manyatta, udongo niliukandika kwa mikono hii. Mbele niliezeka bati, nyuma nikaezeka nyasi, na majirani hawakuniachia hilo.

"Omera, fundi wa bati analala chini ya nyasi!" walikuwa wakinipigia kelele nikipita; omera kwetu ni ndugu. "Bati zote amewauzia watu!"

Niliwajibu kwamba nyasi ni baridi zaidi. Ilikuwa kweli. Mchana wa jua kali watoto wangu walilala kule nyuma kama samaki kwenye kivuli cha maji.

Walikuwa watano. Mke wangu nilimwita nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa sababu ndiko kwao, na yeye alikuwa akichuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Mama yangu mzazi alikaa nasi, na kila mtu pale mtaani, hata mimi, alimwita Dani, kama watoto wanavyomwita nyanya yao. Huyo alikuwa na meno yote na maneno yote.

Sasa niseme yaliyonifanya nianze.

Mama mmoja jirani, muuza mandazi, alikuwa na watoto wanne. Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua limekausha kila kitu, na yeye yuko sokoni. Mimi nilikuwa nyumbani nakula. Nikasikia mlio kama wa mtu anayetafuna makapi, nikatoka nje, nikaona paa lake limevaa moto. Tulikimbia na ndoo. Watoto walikuwa wamezagaa pale nje, wake na wa majirani, wamechanganyika, wanalia. Nikauliza kwa sauti, "Wametoka wote?" Kila mtu akasema wametoka, wametoka. Sikuridhika, nikanyoosha kidole nianze kuwahesabu.

Bibi mmoja mzee akanishika mkono akaushusha. "Watoto hawahesabiwi, wewe! Unataka kuita nini?"

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ng'ombe utawajua kwa rangi zao, na watoto utawajua kwa sura zao, lakini kidole huwapitishii, mmoja, wawili, watatu, kwa sababu unayemtaja kwa hesabu unamwonyesha kwa kitu kisichotakiwa kumwona. Nilijua hivyo tangu tumboni. Nikaushusha mkono. Kama kuna kitu katika maisha yangu ningetaka kukirudia, ni mkono ule.

Moto ulipochoka tulimkuta wa nne nyuma ya mtungi wa maji. Kasichana kadogo. Hakuwa ameungua hata nywele. Moshi ndio uliomlaza. Alikuwa amejikunja pale penye ubaridi kama mtoto anayecheza kujificha na wenzake wamechelewa kumtafuta. Mama yake alipofika hakulia mara moja. Alisema tu, akimwambia kila aliyekuwa karibu, "Asubuhi alivunja kikombe. Nilimwambia nikirudi nitamchapa. Alisikia mlango unapasuka akafikiri ni mimi."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Kuyasikia vizuri kulinichukua miezi mingi.

Na katika majivu, karibu na kilichokuwa kitanda, niliona koroboi. Mshono umekunjwa mara mbili. Niliisukuma kwa mguu ikaingia chini ya majivu. Wewe unayesoma ndiye wa kwanza kuambiwa.

Baada ya mazishi nilikosa usingizi mzuri. Hata mchana, nikiwa kazini, nilikuwa nagonga bati na mlio wake unageuka kuwa ule mlio wa kutafuna. Nilijiambia: watoto wangu hawatafia ndani. Hakuna aliyekuwa akifundisha mambo hayo pale kwetu. Watu walifundisha watoto kuogopa moto. Kutoka ndani yake, hapana. Basi nikajifundisha mwenyewe kwanza, kwa vile nilivyovijua. Dani alikuwa amekausha samaki kwa moshi maisha yake yote, na katika kibanda cha kukaushia aliingia akitambaa, kichwa chini. Nilimuuliza kwa nini. Akaniangalia kama nimepotea akili. "Kwa sababu moshi una kiburi," akasema. "Unakaa juu. Pumzi iko chini kwa maskini."

Hilo likawa somo la kwanza. Niliwafunga watoto macho kwa vitambaa vya mama yao nikawaweka kule nyuma, wakatambaa kama kenge, tumbo karibu na sakafu, mkono mmoja haubanduki kwenye ukuta, kwa sababu ukuta mwisho wake ni mlango, hauna pengine pa kukupeleka. Nikawaambia wakifika kwenye mlango waguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukiwa na joto, usifungue, huko ndiko moto uliko. Tafuta njia nyingine. Na kwa kuwa kule nyuma hapakuwa na njia nyingine, nilitoboa ukuta, nikatengeneza kilango cha bati cha kufika magotini, kinasukumwa kwenda nje, hakina komeo.

Majirani wakapata kazi. "Mzee, kuku wako sasa wana mlango wao? Wanapiga hodi?"

"Wanapiga," niliwajibu. "Wana adabu kuliko ninyi."

Nilitundika debe tupu kwenye nguzo ya jiko la nje. Nikiligonga mara tatu, ni moto. Popote ulipo, unachofanya acha, toka, usirudi. Hurudii kitabu, hurudii kuku, hurudii hata shati. Nililigonga wakati wowote uliokuja kichwani mwangu. Mmoja alitoka bafuni amevaa povu tu, akakimbia mpaka kwenye ua wa minyaa, mtaa mzima ukacheka. Nyar Seme alikuwa akinung'unika jikoni. "Baba Watoto, moto wako unaharibu ugali wangu. Ugali wa kweli unapoa kwa ajili ya moto wa uongo."

Lakini wakishatoka, nitajuaje wametoka wote? Hapo nilikwama. Nilimwambia Dani ninataka kuwahesabu. Akaweka chini kikapu alichokuwa akisuka.

"Wajukuu zangu hutawahesabu nikiwa hai."

"Mama, yule wa jirani alikufa kwa sababu hatukuhesabu."

Akarudisha ukindu mmoja mahali pake. Halafu akasema, "Hesabu mawe. Mawe hayana mtu anayeyaonea wivu."

Jumapili ile tulikwenda Dunga, sisi wote wanane. Naikumbuka asubuhi ile kuliko siku ya harusi yangu. Ziwa lilikuwa limelala, huwezi kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na ndege weupe walisimama kwenye kitu ambacho macho hayakukiona, kama wamesimama juu ya hewa. Watoto wakaingia ndani ya ukungu wa asubuhi kutafuta mawe, wakawa vivuli, halafu sauti tupu. Mara kwa mara mmoja alitoka amekumbatia jiwe linalomwaga maji tumboni kwake, akauliza, "Hili, Baba?" Niliwaambia kila mmoja achague mwenyewe, asije akasema nilimpa baya. Mkubwa akachagua jiwe bapa kama kiti. Mvulana anayemfuata akachagua lenye pembe. Wa tatu, msichana wa miaka sita hivi, alikaa huko ndani muda mrefu hata nikaanza kuogopa. Akatoka na jiwe jeusi, dogo, laini kama yai, lisilokalika.

"Hilo utateleza," nikamwambia.

Huyu wa tatu hakuwa wa maneno. Alilibeba mwenyewe mpaka Manyatta.

Tukayapanga chini ya siala, hatua nyingi kutoka kwa nyumba. Kila mmoja na jiwe lake, hakai mwenzako, na ukishakaa husimami mpaka mimi niseme. Nikitoka, macho yangu hayatazami watoto. Yanatazama mawe. Jiwe tupu ndilo linaloniita. Dani akaitikia kwa kichwa, akasema hapo nimefikiri.

Wanne walijifunza kama mchezo. Hata mdogo kabisa, aliyekuwa bado anayumba akitembea, alisikia debe akaenda kukumbatia jiwe lake. Wa tatu hakujifunza. Naligonga debe, mawe yanajaa, na lile jeusi linabaki linang'aa peke yake juani. Nikiingia ndani namkuta nyuma ya mtungi wa maji, amejikunja, vidole masikioni.

Nilifanya nini? Nilimchapa. Sitajipamba hapa. Nilikuwa mtu wa mkono, nililelewa kwa mkono, nilifunzwa kazi kwa rula ya chuma, na niliona imenifaa. Nilimchapa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nilivyomchapa, mara iliyofuata alikuwa amejisogeza ndani zaidi nyuma ya mtungi.

"Unamfundisha kukuogopa wewe," Dani akaniambia. "Moto hujamfundisha bado."

"Atazoea."

"Hata yule wa jirani alikuwa amezoea."

Nikaondoka nikaenda kazini. Sikupenda kuambiwa na mwanamke, hata kama alinizaa.

Halafu ikaja asubuhi ya wadudu. Nguzo zilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuona, zikafika mpaka juu ya Manyatta, jua likawa rangi ya chai. Mtoto wangu mkubwa alikuwa akifagia uani. Akatazama juu, akaona kijivu kinazunguka juu ya paa letu la nyasi, na badala ya kuona wadudu akaona kile alichofundishwa kuona. Akaligonga debe. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Nilitoka na povu shavuni nikakuta wanne juu ya mawe, wadudu wanatua vichwani mwao, kwenye kope, hawapangusi, wamekaa wima kama watu wa kanisani. Nilitaka kucheka. Nikaona jiwe jeusi.

Niliingia. Ndani kulikuwa na giza la kahawia na mlio mwembamba wa mabawa. Alikuwa pale pale. Sijui ni nini, labda mwanga ule wa ajabu, lakini kwa muda wa pumzi moja sikuona mtoto wangu. Niliona yule mwingine. Mikono ile ile, magoti yale yale. Nikapiga magoti mbele ya mtungi, povu linanidondoka.

"Kwa nini hutoki?"

Alinitazama mkono kwanza, kuona una nini. Ulikuwa na wembe tu.

"Ukigonga debe," akasema, "unagonga kama umekasirika. Huwa nafikiri nimekosa."

Ndipo nilipoyasikia maneno ya mama wa mandazi, yale ya kikombe. Miezi yote ile yalikuwa njiani, yakanifikia siku hiyo.

Nilitoka nikawaita wote. Nyar Seme alikuwa na magamba ya samaki mpaka viwikoni. Dani akaja na kigoda chake, maana alijua kuna jambo. Mimi si mtu wa kusema samahani, na sikusema. Nilisema hivi: siku ya moto hakuna fimbo. Aliyekaa kwenye jiwe lake haguswi na mtu, wala mimi, wala mama yake.

Mkubwa akauliza, "Hata aliyewasha?"

"Hata aliyewasha."

"Hata akichoma nyumba yote?"

Pale nilikawia. Nilikuwa nimeijenga ile nyumba. Dani akakohoa.

"Hata akichoma yote," nikasema.

Wa tatu alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayepima kitambaa.

Hakuchelewa kunijaribu. Wiki chache baadaye narudi kutoka kazini jua likielekea ziwani, nakuta ameketi chini ya siala peke yake, juu ya lile jiwe jeusi, amelishika kwa visigino asiteleze. Hakuna debe lililogongwa. Mapajani ana mkasi wangu wa bati, ule wa Mhindi, ncha moja imekatika. Alikuwa ameutumia kukatia kuni.

"Hakuna moto leo," nilimwambia.

"Lakini niko kwenye jiwe."

Nilizunguka nyumba. Nikazunguka tena. Nikazunguka mara ya tatu, na kila nikitokea upande ule yeye yuko pale, ananingoja, na Dani mlangoni anasuka kikapu bila kukitazama. Nikaingia nikaoga. Mkono uliniwasha mpaka siku ya pili. Mkasi nilikuja kuutia ncha nyingine, haukukata tena vile.

Nataka ieleweke, baada ya hapo aliposikia debe alitoka. Si kwa kasi. Alitoka wa mwisho, lakini alitoka.

Moto wenyewe ulikuja mwaka uliofuata, katika ukame ule ule wa Januari, siku ya Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nyar Seme alikuwa sokoni. Dani alikuwa ameenda bombani kupanga foleni ya maji. Mimi niko bandani kwangu Kibuye, namalizia birika kubwa, bati jipya linalong'aa hata unaona uso wako. Niliinua macho nikaona nguzo ya kijivu upande wa Manyatta. Ilikuwa inayumba taratibu, nzuri kuitazama. Nikasema moyoni, wadudu leo wamechelewa. Nikaendelea kugonga.

Nagonga, naota ota, joto linanilaza macho. Kitu cheusi kikaanguka juu ya bati langu. Nikakipuliza. Kikavunjika kikawa unga, kikaacha mstari mweusi juu ya uso wangu pale kwenye bati. Kikaanguka kingine. Nikakisugua kwa kidole. Mdudu wa ziwani hana masizi. Ni unyasi uliokwisha kuungua.

Nilikimbia na nyundo mkononi. Njia ile niliipita kila siku ya maisha yangu, lakini siku ile ilikuwa ndefu kama njia ya ndotoni, unakimbia na vibanda vinabaki pale pale, watu wanafungua midomo na sauti zao zinafika baadaye. Mmoja alisema, "Ni kwako, Mzee." Nilikuwa nayaona mawe, yote matano, na katika mawazo yangu lile jeusi lilikuwa tupu, linang'aa.

Nilifika kwenye ua wa minyaa. Paa la nyasi lilikuwa limekwisha, bati za mbele zinajikunja zenyewe kama karatasi, wanaume wanamwaga ndoo. Sikutazama nyumba. Nilitazama chini ya siala.

Bapa, limejaa. Lenye pembe, limejaa. Jeusi.

Alikuwa juu yake. Amelishika kwa visigino, uso mweusi kwa masizi, mkononi ana mwiko wa ugali. Wale wengine wawili wamekaa upande wake, mdogo analia bila sauti. Na katikati yao kuku wangu mwekundu anatembeatembea, mkia umeungua.

Baadaye walinisimulia. Huyo kuku alikuwa ameatamia uvunguni mwa kitanda kule nyuma, na wa tatu alisikia vifaranga vinalia ndani ya mayai. Wenzake wote walikuwa wamelala. Akawasha koroboi, akaiingiza uvunguni aone. Kuku akaruka, koroboi ikapinduka, godoro la nyasi likashika. Mlango wa kati ukawa na moto upande wake. Alikuwa na mahali pawili pa kwenda, kama alivyokuja kuniambia akiwa mtu mzima: mtungi wa maji uko pale, hatua mbili, baridi, na kilango cha kuku kiko kule. Na alijua amekosa kuliko alivyowahi kukosa. Akatambaa akapita kilango, akachukua mwiko jikoni, akaligonga debe lile lililokuwa likimkimbiza. Mara tatu. Halafu akaendelea kugonga, mpaka mkubwa akatoka akimvuta mdogo kwa mguu, na wengine nyuma yao, tumbo chini, macho yamefumbwa, kama kenge.

Lakini hayo nilikuwa siyajui bado. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Ni mimi, Baba," akasema. Alikuwa anatazama mkono wangu.

Nikautazama na mimi. Nyundo ilikuwa bado ndani yake. Nikaiachia, ikaanguka majanini. Nikakaa chini, kwenye vumbi, kwa sababu mimi sikuwa na jiwe.

Tukakaa. Watu walipita na ndoo, wakatupa pole, nyar Seme alifika akipiga mayowe, akawaona, akaenda kugusa kichwa kimoja kimoja, hakuhesabu. Dani alifika na maji yake kichwani, akamwaga yote mahali penye moshi, akaja akamwona kuku. "Kumbe kweli ulimjengea kuku mlango," akasema, na akaanza kucheka, na kicheko kile kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akajifunika uso kwa leso.

Jua lilishuka. Upepo wa ziwa ukaja ukachukua moshi ukaupeleka kilimani. Maua ya siala yalikuwa yanaanguka moja moja, na mimi nilikuwa mbali, sijui wapi, nadhani nilikuwa Dunga ndani ya ule ukungu nikisikiliza sauti zao. Nikasikia mvulana mwenye jiwe la pembe anasema, kwa heshima kabisa:

"Baba, hujasema tusimame."

Kweli, nilikuwa sijasema. Mchana wote ule walikuwa wameketi wakingoja neno langu.

"Simameni," nikasema.

Wanne wakasimama, wakanyoosha miguu, wakakimbilia kwa mama yao. Wa tatu alibaki.

"Na wewe. Simama."

Hakutikisika. Aliuliza polepole, bila kunitazama, "Nikisimama, je?"

Nilielewa. Nilikuwa nimeahidi juu ya jiwe tu. Nje ya jiwe sikuwa nimesema kitu. Mtoto wa miaka saba, aliona mahali neno langu linapoishia.

"Hata ukisimama," nikamwambia. "Hata kesho. Hata ukikua."

Bado hakusimama. Ikabidi niende mimi. Nilimwinua pale jiweni, na nasema kweli, nilikuwa sijawahi kumbeba tangu alipoanza kutembea. Alikuwa mzito, ananuka moshi na manyoya ya kuku. Hakunishika shingo. Aliuweka mwiko begani kwangu, kichwa akakilaza juu ya mwiko, akalala pale pale.

Nyumba niliijenga tena, bati mbele na bati nyuma, na wale wa omera wakakosa la kusema. Koroboi nikaanza kuzitengeneza na kitako kipana kama sahani, hazipinduki. Wateja walilalamika zinajaza meza. Niliwaambia wakanunue kwingine. Fimbo ya nyumbani iliungua kule ndani na sikukata nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya sabini yule wa tatu aliolewa Muhoroni, kule ambako huchoma miwa kabla ya kuikata na anga lote huwa jekundu. Siku ya kuondoka alifunga jiwe lake kwenye leso. Wakwe wakaulizana kwa nini bibi harusi anakuja na jiwe, ni dawa gani hiyo ya watu wa ziwani. Hakuwaeleza. Mara ya kwanza nilipomtembelea nililikuta mbele ya mlango wake, jeusi, laini, na pembeni yake kuna jingine dogo la mtoni, na mtoto wake amelikalia, miguu haijafika chini, anakula muwa.